Kutia Kiraka au Kuezua: Habari za Mapaa ya Nyumba za Mawe

Methali ya ufa na ukuta inajulikana na kila mtoto wa pwani, na aghalabu hutumiwa kwa mambo ya malezi, tabia na siasa. Mafundi wa nyumba za mawe waliijua kwa maana yake ya asili, na waliijua pia kwa mashaka yake, kwani si kila ufa unaozibwa hupona. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, na Lamu vilevile, ziko nyumba ambazo nyufa zake zilizibwa kwa bidii mwaka baada ya mwaka, na kuziba huko huko ndiko kulikoziangusha. Mwenye nyumba aliyeamshwa usiku wa masika na tone la maji lililoangukia mkekani amekuwa na swali lile lile tangu zama na zama: aite fundi atie kiraka, au avunje paa zima aanze upya? Jibu lake limebadilika mara nyingi katika miaka mia mbili iliyopita. Kila lilipobadilika lilibadilisha na sura ya mji, na mara nyengine lilibadilisha hata watu wanaokaa ndani yake.

Ili swali hilo lieleweke, yafaa kwanza paa lenyewe lijulikane. Nyumba ya mawe ya kale haikuwa na paa la mgongo kama nyumba ya makuti. Juu yake palilala sakafu, bapa kama sakafu ya chini, ila imeinamishwa kidogo upande mmoja ili maji ya mvua yateremkie kwenye mlizamu na kutoka nje. Chini ya sakafu hiyo zilipangwa boriti za mikoko, ncha zake zikiwa zimezikwa ndani ya kuta nene za matumbawe na chokaa. Juu ya boriti yalilazwa mapande ya mawe, kisha ukamwagwa mchanganyiko wa vifusi vya mawe madogo, chokaa na udongo, na mwisho ukatandazwa utando wa chokaa safi. Unene wa jumla mara nyingi ulifika shubiri moja na nusu. Majumba ya zamani zaidi, kama yale ya Kilwa na Songo Mnara, yalitumia mbao zilizochongwa pembe nne na mapande ya matumbawe yaliyokatwa kwa ufundi wa hali ya juu. Husuni Kubwa ya Kilwa, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, ilithubutu hata kuba. Unguja ya karne ya 19 ilijengwa kwa haraka zaidi, na boriti zake zilitiwa duara, jinsi zilivyotoka mkokoni.

Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Boriti inayobeba mzigo wa namna hiyo bila ya kupinda haivuki sana mita mbili na nusu au tatu, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe, kuanzia Gede mpaka Shangani, ni virefu na vyembamba. Tajiri aliyetaka chumba kipana hakuwa na la kufanya; mali yake aliionyesha kwa urefu wa chumba, kwa zidaka na kwa mlango. Na mzigo wenyewe si mdogo. Chumba cha mita tatu kwa nane kina mita 24 za mraba. Sakafu yake ya juu ikiwa na unene wa sentimita 30, uzito wake unapita tani kumi. Watu walilala chini ya tani kumi, wakazaa na kuzeeka chini yake, bila ya hofu yoyote, maadamu kichwani mwa nyumba hapakuwa na maji.

Kazi iliyoifanya sakafu ile isivuje ilikuwa kazi ya mikono mingi. Chokaa ilipokwisha kutandazwa, watu walijipanga safu, kila mmoja na kijiti mkononi, wakaipiga. Waliipiga kwa siku nyingi mfululizo, si kwa nguvu bali kwa mapigo mepesi ya pamoja, huku maji yakinyunyizwa, mpaka utando ukashikana, ukawa mgumu na laini kiasi cha kuyakataa maji. Mapigo ya pamoja hayawezekani bila ya wimbo, kwa hiyo kila paa la nyumba ya mawe lilikuwa na nyimbo zake, mmoja akitoa na wengine wakipokea. Wapenzi wa ushairi wanaozoea kuhesabu mizani kwa vidole wangefanya vyema kukumbuka kwamba ziko nyimbo za pwani ambazo kipimo chake kilikuwa kijiti juu ya chokaa mbichi. Wengi wa waimbaji hao, wake kwa waume, katika Unguja ya karne ya 19 walikuwa watumwa, na hili si jambo la kupitwa mbio. Ubaridi wa chumba na weupe wa dari vilikuwa na bei, na walioilipa hawakuwa wenye nyumba.

Paa kama hilo halikuhitaji mengi baada ya hapo, ila lilihitaji kitu kimoja kila mwaka: jicho. Kabla ya masika kuanza, mtu alipanda juu, akauzibua mlizamu, akang'oa majani na vichipukizi vilivyoota kwenye ukingo, akatazama nyufa ndogo zilizofunguliwa na jua la kaskazi, akazipaka chokaa. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa humwagika katika miezi mitatu ya masika. Mwaka mmoja wa kupuuza haukuonekana. Miaka mitatu ilionekana.

Hapo ndipo kiraka kilipoingia, na ndipo penye mtego. Mwenye nyumba aliyeona alama ya unyevu darini alimwita fundi. Fundi akaongeza tabaka jipya la chokaa juu ya lile la zamani, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi ya siku mbili na ya bei nafuu. Uvujaji ukakoma. Baada ya miaka michache ukarudi mahali pengine, likaongezwa tabaka jengine. Katika kile chumba cha mita 24, tabaka la sentimita tatu tu lina uzito unaozidi tani moja. Nyumba iliyotiwa viraka mara tano katika vizazi viwili ilibeba juu ya boriti zile zile tani tano au sita zaidi ya zile alizozikadiria aliyeijenga. Na boriti zenyewe zilikuwa haziko tena kama mwanzo. Maji yanayopenya sakafu hayadondoki yote chumbani. Mengi huteremka ndani ya ukuta na kukaa pale ncha ya boriti ilipozikwa, mahali pasipo hewa wala mwanga. Katikati ya chumba boriti huonekana nzima, nyeusi na ngumu kama chuma, na mkazi huisifu. Kumbe ndani ya ukuta imekwisha kuwa unga. Ikianguka huanguka pamoja na kila kitu, na aghalabu haianguki siku ya mvua bali siku kadhaa baadaye, ukuta ulipokwisha kunywa maji hadi moyoni.

Kwa hiyo fundi wa zamani aliyekuwa mkweli hakutoa jibu kabla ya kuchokoa. Alichukua msumari au ncha ya kisu, akaichoma boriti pale inapoingia ukutani, moja baada ya moja. Boriti mbili zikiwa mbovu alizitoa hizo mbili, akaunga. Nusu yake zikiwa mbovu alimwambia mwenye nyumba maneno ambayo hakuna mwenye nyumba anayependa kuyasikia.

Jibu la tatu lilikuja na meli. Bati la migongo lilizaliwa London mwaka 1829, Henry Robinson Palmer alipopewa hataza yake. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapewa hataza ya kukipaka chuma zinki ili kisishike kutu upesi. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 mabati yalikuwa yakishushwa katika bandari zote za Bahari ya Hindi, na Unguja haikuachwa nyuma. Ukiliweka bati kwenye mizani pamoja na sakafu, tofauti yake inatia kizunguzungu: mita moja ya mraba ya sakafu ya chokaa ina uzito wa karibu nusu tani, na ya bati ina kilo tano hivi. Mafundi wawili walilipandisha na kulipigilia juu ya kenchi za mbao kwa siku chache, pasipo kijiti wala wimbo.

Wengi huielezea zamu hii kwa ladha ya watu au kwa mtindo wa Kihindi na wa Kizungu. Maelezo hayo hayatoshi. Mwaka 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, na tangu hapo kila mkono ulioshika kijiti juu ya paa ulikuwa na haki ya kudai ujira wake. Kazi ya watu thelathini kwa wiki nzima haikuwa tena jambo la amri. Sakafu ya juu ilikuwa rahisi pale tu ambapo mikono ilikuwa rahisi, na mikono ilipopata bei, hesabu ya mwenye nyumba ikageuka. Si kwamba chokaa ilishindwa na bati kwa ubora. Ilishindwa katika daftari la matumizi.

Lakini tazama jinsi wenye nyumba walivyolitumia hilo bati. Wachache walivunja sakafu ya juu. Wengi waliiacha pale pale ilipo, wakasimamisha kenchi juu yake, wakapigilia mabati. Hawakutengeneza na hawakubadilisha, walifunika. Sakafu mbovu ikapumzika na mvua, ikakauka, na nyumba ikapata umri mpya. Ukiipanda minara ya Mji Mkongwe leo na kutazama chini, utaona bahari ya mabati yenye kutu, rangi ya mdalasini, na chini ya mengi katika hayo zingali zimelala sakafu bapa za karne ya 19. Kwa kipimo cha fundi uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko walivyoukiri baadaye wapenzi wa mambo ya kale, ambao huyaona mabati kuwa ni doa juu ya mji. Bila ya doa hilo sehemu kubwa ya mji isingekuwepo ya kuhifadhiwa.

Hasara zake hata hivyo zilikuwa za kweli. Paa bapa lilikuwa chumba kisicho na dari. Usiku wa joto la kaskazi watu walilala huko; wanawake, ambao heshima ya mji wa mawe iliwabana wasitembee ovyo njiani mchana, walipata huko upepo, mazungumzo na jirani wa paa la pili, na katika Lamu hata daraja za juu ya njia, zinazoitwa wikio, ziliunganisha nyumba na nyumba. Kutoka juu watu waliangalia majahazi yakiingia na mwezi ukiandama. Bati liliufunga mlango wa ngazi ya mwisho. Pale palipokuwa na watu pakawa pa popo na vumbi, penye joto la tanuri ifikapo saa saba mchana.

Hasara ya pili ilikuwa ya jirani. Paa bapa lenye ukingo huyakusanya maji na kuyapeleka mahali pamoja. Paa la bati lisilo na mfereji huyamwaga popote. Paa la mita 100 za mraba, katika mvua moja ya milimita 50, humwaga lita elfu tano. Katika kichochoro cha upana wa mita mbili, lita hizo huangukia ukuta wa jirani na msingi wake. Ugomvi mwingi ambao vizazi vya sasa huukumbuka kama ugomvi wa watu ulianza kama ugomvi wa maji.

Kwenye nyumba za makuti swali lenyewe lilikuwa jepesi, au lilionekana hivyo. Makuti ya viungo hudumu miaka michache tu, na kila mtu alijua kwamba paa litaezuliwa na kuezekwa tena. Kiraka kilikuwa cha kuvusha masika moja. Minazi ilikuwepo, majirani walikuwepo, na paa lilikuwa kama nguo, linavaliwa na kuvuliwa. Udhaifu wake ulionekana siku za msiba. Dhoruba ya Aprili 1872, iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuvivunja vyombo bandarini, kwa desturi husimuliwa kama habari ya karafuu: jinsi Unguja ilivyopoteza na Pemba, iliyosalimika kwa kiasi kikubwa, ikashika nafasi yake. Husimuliwa mara chache kwamba upepo ule ule ulioezua nyumba uliangusha na minazi iliyotoa makuti ya kuziezekea. Yule aliyebaki bila ya paa alibaki pia bila ya kitu cha kuezekea.

Lamu ilichanganya njia zote mbili kwa namna yake. Nyumba kubwa ya mawe ya karne ya 18 ilikuwa na sakafu juu ya misana na ndani, na juu kabisa, kwenye kidari cha meko, jiko likawekewa paa la makuti ili moshi upate kutoka. Baadaye makuti yalienea juu ya sakafu kama vile mabati yalivyoenea Unguja, na kwa sababu ile ile ya kuikinga. Yalileta kivuli na upepo, na yalilinda desturi ya kukaa juu kuliko lilivyofanya bati. Yalileta na moto. Katika mji ambao paa linagusana na paa, cheche moja ya jikoni haiulizi mipaka ya viwanja.

Ng'ambo ya Unguja ilipita njia nyengine. Huko nyumba za udongo na miti ziliezekwa makuti, na asiyeweza kununua bati jipya alifungua debe la mafuta ya taa, akalinyoosha, akaanza na upande mmoja wa paa. Nyumba nyingi zilisimama juu ya ardhi ya wengine, na mgomo wa kodi ya ardhi wa mwishoni mwa miaka ya 1920 ulionyesha jinsi jambo hilo lilivyowachoma wakazi. Mtu asiye na hakika na ardhi iliyo chini ya miguu yake hufikiri mara mbili kabla ya kuweka paa la miaka thelathini juu ya kichwa chake. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Abeid Amani Karume ilitoa jibu la Ng'ambo nzima kwa mkupuo mmoja. Mitaa ilibomolewa, na kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki yakapandishwa majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, yenye mapaa bapa ya zege. Hilo lilikuwa kubadilisha, si kutengeneza, kwa kipimo ambacho hakijapata kuonekana tena visiwani. Familia nyingi zilipata maji ya bomba na umeme. Zilipoteza ua, na pamoja na ua zilipoteza paa ambalo mtu angeweza kulipanda na kulitengeneza mwenyewe. Zege la ghorofa ya juu likivuja, wa chini hana habari na wa juu hana uwezo.

Hili linafikisha kwenye jambo ambalo mafundi hulijua na wanahistoria wa majengo hulipitia juu juu, nalo ni kwamba paa huharibika pale ambapo haijulikani ni la nani. Sheria ya wakfu ililiona hili mapema. Kwa mujibu wa mafundisho ya wanazuoni, pato la nyumba ya wakfu hutumika kwanza kuitengeneza nyumba yenyewe, na wanaofaidika hupata kinachobaki. Kanuni hiyo ni fupi na ina hekima kubwa, maana inaliweka paa mbele ya mirathi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na pale kanuni ilipofuatwa zilisimama. Zilipoteseka ni pale kodi ilipokuwa ndogo kiasi kwamba haikutosha hata pipa la chokaa. Nyumba za urithi zilikuwa na shida yake: warithi ishirini, mmoja Unguja, wengine Dar es Salaam, Muscat, Dubai na London. Kutia kiraka hakuhitaji idhini ya mtu. Aliyepo hutoa chochote mfukoni. Kubadilisha paa kunahitaji wote wakubaliane, na kabla hawajakubaliana masika tatu zimekwisha kupita. Ndivyo kiraka kinavyochaguliwa na nyumba nyingi bila ya mtu yeyote kukichagua.

Baada ya 1964 nyumba nyingi za mawe ambazo wenyewe walikuwa wameondoka zilichukuliwa na serikali na kupangishwa. Familia tano au sita ziliingia katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Walipata makazi ambayo hawakuwahi kuyaota, na hilo lilikuwa haki iliyochelewa. Ila mpangaji wa ghorofa ya chini hakuwa na sababu ya kununua bati kwa ajili ya ghorofa ya tatu, na kodi aliyolipa haikuwa na uhusiano wowote na gharama za paa. Maji ya kuoga na ya kupikia yakapanda juu, mabomba yakapenyezwa kwenye kuta ambazo hazikujengwa kwa ajili yake, na boriti zikaanza kuoza kutoka katikati pia. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilipoundwa mwaka 1985, nyumba zilikuwa zikianguka karibu kila masika. Mpango wa hifadhi uliotayarishwa na Francesco Siravo pamoja na Shirika la Aga Khan la Utamaduni, uliochapishwa mwaka 1996, ulikagua majengo ya mji mzima, takriban 1,700, na kuonyesha kwamba ugonjwa mkubwa ulikuwa ule ule: maji yanayoingia juu. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na Lamu mwaka 2001.

Cheo hicho kiliongeza wageni, fedha na kanuni. Kiliongeza na saruji, japokuwa kanuni ziliikataza pale isipofaa. Mwenye nyumba anayetaka kuifanya kuwa hoteli huambiwa na fundi wa siku hizi kwamba dawa ni moja: vunja boriti, mwaga zege. Zege halivuji kwa miaka kadhaa, na hakuna wa kulilaumu wakati wa kufungua hoteli. Lakini ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa. Ukishikwa juu kwa zege na ubavuni kwa plasta ya saruji, maji yaliyomo ndani hayana pa kutokea. Chokaa hupinda kidogo pamoja na nyumba inapotulia, zege hupasuka au hupasua. Ukuta uliosimama miaka 150 huanza kubanduka mawe kutoka ndani, na nje plasta inang'aa kama siku ya kwanza. Hapo ndipo ufa unapokuwa afadhali kuliko kilichouziba.

Hata majumba makubwa hayakusalimika. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 kwa nguzo za chuma na fahari ya umeme, iliivuka mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyoiteketeza kasri ya jirani. Haikuyavuka maji na muda. Sehemu yake ilianguka Desemba 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa zaidi ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Baina ya mporomoko wa kwanza na wa pili ilipita miaka minane, na swali la kutengeneza au kujenga upya lilikuwa likizungumzwa muda wote huo.

Anayeamua leo kutengeneza kwa njia ya zamani ana kikwazo ambacho babu yake hakukijua. Boriti hazipatikani ovyo. Mikoko ya pwani hii imezibeba nyumba za mbali tangu kale: al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, alisema kwamba majumba ya Siraf, kwenye pwani ya Uajemi, yalijengwa kwa msaji na miti iliyotoka nchi ya Zanji, na mpaka karne ya 20 majahazi yaliyorudi na kusi yalipeleka boriti za Rufiji na Lamu hadi Kuwait, Bahrain na Oman. Maneno ya biashara hiyo, fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila moja likiwa na unene wake, bado yapo vinywani mwa wakata mikoko. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na ukataji katika nchi zote mbili sasa una masharti. Masharti hayo ni ya haki, kwa kuwa mkoko unaishika pwani kama boriti inavyoishika sakafu. Matokeo yake ni kwamba fundi hutumia mbao za kupasuliwa, zilizotiwa dawa, au huchukua boriti nzima nzima za nyumba iliyoanguka akazipandisha katika nyumba inayotengenezwa. Boriti ya mkoko iliyolindwa na maji haina mwisho unaojulikana, na ziko zilizobeba paa la pili na la tatu.

Kazi ya ukarabati mzuri, pale inapofanywa, huanza kwa kubandua kuliko kujenga. Mabati ya kutu huondolewa upande mmoja, na chini yake huonekana sakafu ya juu iliyofungiwa giza kwa miaka themanini au mia. Tabaka za viraka hukwanguliwa moja baada ya moja na kuteremshwa kwa makanda, tani baada ya tani, na boriti zilizokuwa zimebonyea hupata nafuu. Ncha huchokolewa, mbovu hutolewa. Mwishoni kabisa hutokea ule utando wa kwanza, mwembamba na mgumu, uliopigwa kwa vijiti, na fundi akimwaga kata ya maji juu yake, maji hujikusanya polepole na kuelekea kule kule ulikokuwa mlizamu.